Kihispania cha Bibi na Kihispania cha Mtihani

Tangu turudi kutoka Marekani ndugu wengi wametuuliza habari za huko, na kila aulizaye ataka kusikia habari za majumba marefu na barabara pana. Hayo tuliyaona, lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za chumba kimoja cha darasa, na habari za bibi mmoja ambaye hakukanyaga chumbani humo hata siku moja, walakini ndiye aliyetufunza kuliko wote waliokuwamo.

Mwezi wa Agosti 2018 tulialikwa na shule moja ya sekondari ya mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas, tukae kwao mwaka mmoja wa masomo ili tuone jinsi wanavyofundisha lugha. Sisi kazi yetu ni kufundisha Kiswahili na Kifaransa, na Kifaransa chenyewe tulikisoma hata Kidato cha Sita. Basi tulijiona tu watu wazima katika mambo ya lugha. Mji ule ulianzishwa na Wahispania mwaka 1718, na mwaka tuliofika ulikuwa ukisherehekea miaka yake 300. Texas ilikuwa nchi ya Hispania, na tangu 1821 ikawa ya Meksiko; mwaka 1836 ikajitenga, na 1845 ikaingia katika Marekani. Kwa hiyo kule Kihispania si lugha ya wageni. Ukiacha lugha za wenyeji wa kwanza, zilizokuwako kabla ya zote, Kiingereza ndicho kilichokuja nyuma. Na katika Marekani nzima watu zaidi ya milioni 40 husema Kihispania nyumbani kwao.

Shule ile ilikuwa na madarasa ya Kihispania ya namna nyingi, tangu ya wanaoanza kuhesabu moja mbili tatu, hata lile la juu liitwalo AP, ambalo ni somo la kiasi cha chuo kikuu lisomwalo na watoto wa miaka 16 na 17 wangali sekondari. Mtihani wake hautungwi na mwalimu wa shule. Hutungwa na College Board, ukafanywa mwezi wa Mei nchi nzima, na alama zake ni tangu 1 hata 5. Apataye 3 au zaidi, vyuo vingi humhesabia kama aliyekwisha kusoma somo hilo chuoni, naye hupunguziwa ada na muda. Wazazi wa kule wanalijua sana jambo hilo, kama wazazi wetu wanavyojua madaraja ya Kidato cha Nne.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Asubuhi tuliketi pamoja na wanaoanza, tukaimba majina ya siku kama watoto, na mchana tulikwenda kuketi nyuma katika darasa la juu, daftari mkononi. Miezi miwili ya kwanza hatukufahamu nusu ya yaliyosemwa. Lakini polepole tulianza kuona kwamba lugha ile si mgeni kabisa kwetu. Walisema *mesa*, nasi tuna meza; walisema *bandera*, nasi tuna bendera; *zapato*, nasi wazee wetu walivaa sapatu. Hayo ni kwa sababu ya Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania, nao walifika pwani yetu mwaka 1498. Tena yako mengine ya njia ndefu zaidi. Waarabu na Waislamu walikaa Hispania tangu 711 hata 1492, nao wakaacha maneno mengi kule kama walivyoacha kwetu. Sukari ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*, narinji ni *naranja*, zeituni ni *aceituna*. Kadhi wetu ni *alcalde* wao, ingawa kwao si mwamuzi wa sheria bali ni mkuu wa mji. Na neno lile dogo la kwetu, hata, kama tusemavyo "tulingoja hata jioni", kwao ni *hasta*. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu. Siku tuliyoligundua hilo tulicheka peke yetu kule nyuma, watoto wakageuka kututazama.

Jambo jingine lilitupa kiburi kidogo, na ni vema tuliungame. Liko umbo la kitenzi katika Kihispania linalowatoa jasho watoto waliokulia katika Kiingereza. Mtu akitaka kusema "nataka aje", husema *quiero que venga*, na kitenzi hubadili mwisho wake kwa kuwa jambo lenyewe halijatokea bado, ni la kutakwa tu. Mwalimu alilieleza kwa majuma matatu. Sisi tuliliona mara moja, maana Mswahili hasemi "nataka anakuja". Asema "aje", na mwisho wa -e ndio uleule. Basi tulipiga kifua. Juma lililofuata tuliandika kwamba rafiki yetu *es enfermo*, kwa kuwa kwetu husemwa "ni mgonjwa", na mwalimu akatuonyesha kwamba Kihispania kina "ni" mbili, ya kudumu na ya kupita, nasi tulikuwa tumemfanya rafiki yetu kuwa mgonjwa wa maisha. Kiburi kikaisha.

Katika darasa lile walikuwamo wanafunzi wawili ambao tuliwaangalia zaidi. Mmoja alikuwa msichana wa nyumba ya Kiingereza tupu, aliyejifunza Kihispania kitabuni tangu miaka 12. Alikuwa na bidii ya ajabu. Kila kitenzi alikitia mahali pake, kila alama juu ya herufi aliiandika. Lakini waliposikilizishwa mazungumzo ya watu wa sokoni, wasemao kwa haraka na kukatana maneno, uso wake ulibadilika kama mtu aliyeachwa na motokaa.

Wa pili alikuwa mvulana aliyelelewa na bibi yake, maana mama yake alifanya kazi ya usiku hospitalini. Kihispania kilimtoka kinywani kama maji. Alijua methali, alijua mizaha, alijua kusimulia jambo hata darasa zima likacheka. Lakini akiandika, ole! Katika Kihispania herufi h haisikiki, naye hakuiandika. B na v husikika sawa, naye alizichanganya. Maneno mawili aliyaunga kuwa moja, kwa kuwa masikioni mwake yalikuwa moja. Karatasi yake ilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wino wake mwenyewe. Siku moja aliikunja, akaitia mfukoni, akasema kwa Kiingereza, "Basi hata lugha ya bibi yangu siijui." Mwalimu wake alikuwa mtu mwenye hekima, alimwambia kwamba alichokosa ni mwandiko, nao hufundishika kwa mwaka mmoja, lakini alichonacho yeye hakiuzwi dukani. Sisi tuliona kwamba mvulana hakuyasadiki maneno hayo. Tunawajua vijana wa namna yake. Ni wale wanaosema Kiswahili tangu kuzaliwa, wakashindwa karatasi ya Kiswahili, wakaona haya kuliko walioshindwa hesabu.

Mtihani wenyewe, kama ulivyokuwa mwaka ule, ulikuwa na mambo mengi ya kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Barua ya heshima ilijibiwa kwa dakika 15. Insha ya hoja iliandikwa kwa dakika 55 hivi, baada ya kusoma makala, kutazama jedwali, na kusikia maneno ya mtu. Kisha mwanafunzi alizungumza na mashine: sauti yamwuliza neno, naye ana sekunde 20 za kujibu, mara tano. Sekunde 20! Kwetu muda huo hautoshi hata kumaliza kuulizana habari za nyumbani. Lakini katika barua ya heshima yule mvulana hakuwa na mpinzani. Kwa Kihispania mtu wa rika lako au mdogo wako huitwa *tú*, na mkubwa au mgeni huitwa *usted*. Watoto wa kitabuni waliyachanganya, wakamwandikia mkurugenzi kama waandikiavyo rafiki wa mpira. Yeye hakukosa hata mara moja, kwa sababu bibi yake amemwita *usted* tangu alipoanza kusema. Tulipomweleza habari za shikamoo alifahamu upesi, akaniamkia hivyo hata mwisho wa mwaka.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ndiyo iliyotuingiza katika habari hii. Mwanafunzi alipewa dakika 4 za kufikiri na dakika 2 za kusema, alinganishe jamii yake mwenyewe na mahali fulani panaposemwa Kihispania. Msichana alilinganisha upesi sherehe za kwao na sherehe za Hispania. Mvulana aliinua mkono akauliza, "Na kama jamii yangu mwenyewe ndiyo hiyo inayosema Kihispania, nilinganishe na nini?" Mwalimu akamjibu kwamba achague Meksiko, au Cuba, au Argentina. Ndipo tuliposema kutoka nyuma kwamba iko pia nchi ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyotawaliwa na Hispania hata 1968, ambako watoto husoma masomo yao yote kwa Kihispania. Hakuna aliyekuwa na habari. Yule mvulana alitujia baada ya kengele, akataka kujua zaidi. Tukamweleza kidogo tulichojua, na juma lile akatualika kwao chakula cha jioni.

Bibi yake alikuwa mwanamke wa miaka 73, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitupa maharage na mikate ya mahindi aliyoipika mwenyewe, akatuketisha mbele yake kwa heshima ya walimu, maana huko kwao mwalimu bado ni mtu. Kihispania chetu kilitosha kwa salamu. Mengine mjukuu aliyafasiri. Mtoto alipomweleza kwamba shuleni Kihispania kina mtihani wa kiasi cha chuo kikuu, na kwamba akipata alama njema atapunguziwa ada, bibi alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo mjukuu alikawia kuyafasiri.

Alisema kwamba yeye alianza shule mwaka 1951, hajui Kiingereza hata neno. Siku ya pili aliomba ruhusa ya kutoka, kwa lugha aliyokuwa nayo. Mwalimu akampiga viganjani kwa rula, akamrudisha kitini, na yaliyofuata hakupenda kuyaeleza mbele ya mgeni. Tangu siku ile alisema shuleni kwa kunong'ona tu. "Nilipozaa wanangu," alisema, "sikuwafundisha Kihispania. Sikutaka wapigwe." Mama yake yule mvulana, binti yake huyo bibi, husema naye kwa Kiingereza, naye humjibu kwa Kiingereza chake kilichovunjika, na hivyo ndivyo walivyoishi mama na mwana miaka yote. Mjukuu alikipata kwa sababu alipozaliwa bibi alikuwa amekwisha kuwa mzee, na hakuwaogopa walimu tena.

Tulitafuta habari hizo vitabuni, tukaona kwamba hayakuwa mambo ya mwalimu mmoja mkali. Mwaka 1918 baraza la Texas lilitunga sheria iliyofanya kuwa kosa kwa mwalimu wa shule ya serikali kufundisha kwa lugha isiyokuwa Kiingereza, na adhabu za watoto ziliendelea hata miaka ya 1960. Katika mji mdogo wa Marfa, magharibi ya Texas, ilikuwako shule iitwayo Blackwell, ya watoto wa Kimeksiko peke yao. Huko mwaka 1954 watoto waliambiwa waandike maneno ya Kihispania katika vipande vya karatasi, wakavitia katika sanduku, wakavizika penye mlingoti wa bendera, kama mtu azikavyo maiti. Shule ile ilifungwa 1965. Wale watoto walipokuwa wazee walikusanyika tena mwaka 2007 wakafanya ibada ya kukifukua Kihispania chao, na mwaka 2022 serikali ya Marekani iliandika jengo lile katika mahali pa kumbukumbu za taifa. Mwaka 1968 bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kutunga sheria ya kusaidia mafundisho ya lugha mbili, na Texas ikafuata na yake mwaka 1973. Basi katika maisha ya bibi mmoja, neno lililompigisha rula limekuwa neno la kumpatia mjukuu wake alama.

Lakini hayo tuliyasoma baadaye. Usiku ule, bibi alipokwisha kusema, alitugeukia akauliza, "Na kwenu, mwalimu?" Mvulana akafasiri, akatungoja. Nasi tulijibu kwamba kwetu Kiswahili ni lugha ya taifa, kinasemwa bungeni na sokoni, na shule za msingi za serikali, karibu zote, hufundisha kwacho. Kila neno lilikuwa kweli. Bibi akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba tumebarikiwa.

Hatukumwambia habari za kibao. Katika shule tuliyofundisha kilikuwako kibao cha mti chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba akivaaye ni mpumbavu. Aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivikwa shingoni, akatembea nacho hata amnase mwenzake. Sisi wenyewe tulikivaa tulipokuwa wanafunzi, na tulipokuwa walimu tulikivisha wengine bila kufikiri, tena sisi ndio wenye kufundisha Kiswahili! Saa tatu tulimsifu mtoto kwa insha yake, saa tano tukamwadhibu kwa lugha ileile.

Mwezi wa Machi 2018, miezi mitano kabla ya safari yetu, tulikuwa walimu wa zamu. Msichana wa Kidato cha Kwanza alitujia mbio, akasema kwa Kiswahili kwamba mwenzake ameanguka bwenini. Tulimwambia aseme kwa Kiingereza. Alisimama. Midomo ilimtetemeka, akasema neno moja, akarudi nyuma, akaanza tena, akashindwa. Nasi tulikwenda ofisini tukaleta kibao tukamvika, tukamwambia akajifunze sentensi yake ndipo arudi. Punde akaja kiranja mwenye Kiingereza chake, akatueleza, nasi tukakimbia. Mgonjwa alikuwa na malaria kali. Alipelekwa hospitali akapona. Hakuna mtu aliyetulaumu, maana tulifuata kanuni ya shule. Usiku ule wa San Antonio, katika gari la mvulana, hatukuweza kuzungumza hata tukafika tulikolala, naye labda alidhani maharage yametuumiza.

Tuliyobaki nayo kule yalikuwa ya kazi. Darasa la jirani lilisoma fasihi ya Kihispania, yenye orodha ya vitabu na mashairi 38, tangu hadithi za mwaka 1335 hata za siku hizi. Mwalimu wake alituruhusu kusikiliza. Walimsoma Nicolás Guillén wa Cuba, aliyetunga juu ya babu zake wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi wa Afrika. Walimsoma pia Tomás Rivera, aliyezaliwa Texas mwaka 1935, mtoto wa wavunaji wa mashamba wahamao kila msimu, ambaye kitabu chake cha 1971 alikiandika kwa Kihispania, ingawa alisoma katika shule za jimbo hilohilo. Mvulana wetu alikiazima kitabu hicho. Akamsomea bibi yake kwa sauti, kidogo kila jioni. Na kwa kuwa alitazama maneno huku akiyasema, herufi h zikaanza kurudi mahali pake. Hakuna njia nyingine ya kufundisha mwandiko tuliyoiona ikifaa zaidi, wala haikuwamo katika mpango wa mwalimu.

Mtihani ulifanywa Mei 2019, nasi tukarudi nyumbani Juni. Alama zilitoka Julai. Msichana alipata 5, naye aliistahili. Mvulana alipata 4. Alituandikia barua ya Kihispania, akituita *usted* toka mwanzo hata mwisho, na ndani yake lilikuwamo kosa moja tu la h, ambalo hatukumtajia.

Tulikwenda kwa mkuu wa shule yetu kuomba kibao kiondolewe. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza mtihani wa Kidato cha Nne u kwa lugha gani, na mtoto asiyejizoeza Kiingereza ataufanyaje. Swali lake si la kipumbavu, wala hatukuwa na jibu la kumtosha. Tulisema tu kwamba yule wa bwenini kibao hakikumpa Kiingereza, kilimnyamazisha. Mwisho tulipatana kwamba katika zamu yetu hakitavaliwa. Katika zamu za wengine kilivaliwa kama zamani.

Kisha tulimtafuta yule msichana, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Pili. Tulimkuta karibu na bomba akichota maji. Tukamwambia kwa Kiswahili kwamba siku ile ya mwezi wa Machi tulimkosea, na kwamba twamwomba radhi. Aliweka ndoo chini, akatazama kulia na kushoto kama kuna mtu asikiaye, kisha akatujibu polepole, kwa Kiingereza safi kisicho na kosa, kwamba hapana neno.